Sauti ya Kumwita Mama Kulwa

Mimi nilistaafishwa na meno. Wenzangu wengine waliacha bendi kwa sababu ya miguu, wengine kifua, mmoja kwa sababu ya mke mpya aliyechoka kumwona kila wiki anakwenda kwenye misiba ya watu asiowajua. Mimi meno mawili ya juu, yale ya mbele kabisa, yaliniaga moja baada ya jingine, na mpiga klarineti asiye na meno ya juu ni kama fundi baiskeli asiye na spana. Anaweza kueleza tu. Basi nimebaki kueleza, na kwa kuwa ninyi vijana wa bendi mnaokutana pale Mlabani mmeniomba wenyewe, vumilieni.

Esta ndiye aliyeniuliza swali. Klarineti ndogo sasa iko mikononi mwake. Alinijia na simu yenye wapigaji wa dunia nzima, akanisikilizisha watatu, kisha akasema, "Babu, nimfuate nani?" Wote watatu wanajua kazi, wananishinda hata wakiwa wamelala. Lakini kila mmoja alikuwa na sauti yake, na Esta alitaka nimchagulie moja. Nilimwambia ninahitaji muda, nitaliandika jibu. Jibu ndilo hili, na ni refu kidogo.

Kwa wale mnaopiga ngoma na mnadhani vitu vyote vyeusi vyenye matundu ni kitu kimoja: klarineti ndogo ni ile ya E-flat. Ni fupi kuliko klarineti ya kawaida, inazidi kidogo tu urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole. Kazi yake kwenye bendi ni kupita juu ya wengine wote. Matarumbeta yote yakikosea, watu watasema bendi leo imechoka. Klarineti ndogo ikikosea, mbwa wa mtaa wa Lipangalala wanajibu.

Ilitufikia miaka ya tisini ndani ya sanduku la vyombo vilivyotumika, na hakuna aliyeitaka. Aliyekuwa anatufundisha bendi ya parokia ni Mwalimu Damas, mtu mfupi, mkali, aliyepuliza jeshini ujana wake wote kabla ya kurudi nyumbani Ifakara. Suruali yake ilipigwa pasi ya mkaa hata siku ya mazoezi. Alitutazama vidole mmoja mmoja, akafika kwangu. "Remi, una vidole vyembamba. Chukua hiki."

Nilichukua kwa furaha ambayo sikuionyesha. Mnapaswa kujua kwamba mimi nilikuwa nimeshakataliwa na kwaya. Mwalimu wa kwaya aliniambia kwa upole kabisa kwamba Mungu hupokea pia sala za kimya. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na shamba, na bado nilikuwa nakaa kanisani nikisogeza midomo tu ili nisiwaharibie wenzangu. Kile kibomba cheusi kilikuwa sauti ya kwanza niliyopewa maishani, na nilikipenda kabla sijajua kukifunga.

Mwalimu Damas alikuwa na somo moja alilolirudia kila mara. "Kabla hujapuliza, uwe umeshaisikia sauti unayoitaka. Ikae kichwani. Mdomo utaifuata wenyewe." Nikamuuliza nitaipata wapi sauti hiyo, maana klarineti ndogo nyingine sikuwahi kuiona. Akanipa kaseti yake ya bendi ya jeshi la nchi ya mbali, akasema nisikilize pale kitu kidogo kinapopita juu.

Nilikuwa na redio kaseti, na betri zake nilikuwa nazianika juu ya bati kama tulivyofanya wote, mpaka zikawa zimechoka kuliko mimi. Ninyi mnachaji simu, hamjui raha ya betri iliyoanikwa. Kaseti ikazunguka taratibu, na kitu kidogo kikapita juu kwa sauti nene, nzito, ya kutulia, kama mzee anayesimulia. Niliipenda mno. Nikaanza kuifuata. Nikalegeza midomo, nikafungua koo kama ninayepiga miayo, nikapuliza. Kwenye mazoezi nikawa chini ya bendi nzima, ninavuta kila wimbo kwenda kaburini.

"Remi, unaumwa?" Mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Nafuata kaseti."

Akaja nyumbani kwangu, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akageuza redio na kufungua kifuniko cha betri. Nilimfahamu miaka mingi, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka hadi akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya pasi. Akamtuma mtu dukani kununua betri mpya. Kaseti ikakimbia, na sauti halisi ikatoka: nyembamba, nyepesi, yenye mwanga. Nilisikitika. Mimi nilikuwa nimezipenda betri zilizochoka, na hii nyingine sikuielewa kabisa.

Hapa niwape machache ya kazi, maana najua mwingine atasoma hapa tu. Ule ulimi wa mwanzi unaotetemeka mdomoni ni nusu ya sauti yako. Ndimi za klarineti ndogo hatukuwa nazo, tulikata zile za kubwa kwa msumeno wa chuma, upande wa kisigino, kamwe si upande wa ncha. Niliwahi kuchonga wa kwangu kutokana na matete ya mtoni, nikaulainisha kwa msasa siku nzima. Ulilia kama bata kwa muda mfupi kisha ukavimba. Kile kizibo laini kinachobana maungio ya vipande kikilegea, zungusha uzi na upake nta ya mishumaa iliyokwisha kanisani. Na mkiandamana mchana wa Ifakara, jua likishachemsha chombo, sauti inapanda yenyewe. Usiishushe kwa midomo, vuta kidogo lile pipa la juu, kipande kifupi kilicho chini ya kipulizio, na uendelee na safari. Esta ana kitu kwenye simu kinachomwonyesha amepanda au ameshuka. Ni kitu kizuri, natamani tungekuwa nacho.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Msimu wa mpunga ulifika, na kama kila familia ya bonde hili tulihamia shambani, upande wa Mkula. Mpunga unapoanza kutoa maziwa ndipo ndege wanashuka makundi kwa makundi, na hakuna la kufanya ila kupanda dunguni, kile kichanja cha miti, na kuwafukuza kutwa nzima kwa teo la kurushia mawe, debe na koo lako. Mimi nilikuwa nimeficha klarineti kwenye kitenge cha mke wangu. Nikaona nina akili kuliko watu wote: nitaamia ndege na kufanya mazoezi kwa pamoja.

Na kweli ilifanya kazi. Nilibana ule ulimi wa mwanzi kwa meno, nikapuliza noti ya juu kabisa kwa nguvu zote, na kundi zima likainuka kutoka kwenye mpunga wangu. Nikajaribu tena, wakaruka hata wa jirani. Watu wa mashamba ya karibu wakaanza kuniita nikawapulizie na wao. Mke wangu akasema angalau kile kibomba kimeanza kusaidia nyumbani. Nikapuliza hivyo wiki hadi wiki, na kila nilipowaona ndege wanaruka nilijua nimefanya vizuri. Ndege wakawa walimu wangu, nami nikawa mwanafunzi mtiifu.

Niliporudi mjini kwa mazoezi nikiwa na kifua mbele, nikapiga ingizo langu la kwanza. Mtu wa tromboni aliinama kana kwamba kitu kimepita juu ya kichwa chake. Mwalimu Damas alishusha fimbo yake.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Shambani, Mwalimu."

"Shambani unaifanyia nini?"

"Naamia ndege."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mwalimu alinivuta pembeni. Alisema bila hasira kwamba Misa ya shukrani ya mavuno ndiyo mwisho. Kama mpaka siku hiyo kitu kile hakijakaa, kinarudi kwenye sanduku lake, na mimi nitakwenda kwenye matuazi, nigonganishe visahani vya shaba pale atakaponikonyeza. Nilikubali kwa kichwa. Njiani kurudi Mkula nilisukuma baiskeli badala ya kuipanda, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri, na sioni haya kuwaambia. Kwaya ilikuwa imeshanikataa. Nikikataliwa na hiki nacho, ningerudi kusogeza midomo maisha yangu yote.

Shamba lililopakana na langu lilikuwa la Mama Apolonia, mjane Mpogoro mwenye nyumba Lipangalala. Mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, mchapa kazi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mundu. Ng'ambo ya mfereji, mbali, lilikuwepo shamba la Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na kwenye dungu la huko alikaa Mama Kulwa, mama wa mapacha. Wanawake hawa walifahamiana kwa ugomvi. Ng'ombe wa mume wa Mama Kulwa waliwahi kuingia kwenye mpunga wa Mama Apolonia, wanaume wakakaa kikao kutwa bila kuelewana, na wale wawili wakayamaliza kwa kupelekeana maziwa na mchele mpaka wakawa mashoga. Mama Apolonia alijifunza hata kumsalimia mwenzake kwa Kisukuma, "mwangaluka", na alilitamka vibaya kwa makusudi ili acheke.

Walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi wakishapanda madunguni, na tena jioni kabla ya kushuka, Mama Apolonia aliita, "Upooo?" Na kutoka kule mbali likaja jibu, "Nipooo." Basi, hakuna zaidi. Kila mmoja alikuwa peke yake juu ya miti, na kule kuna nyoka, na viboko hupanda kutoka mtoni. Siku jibu lisiporudi, mwenzako anashuka kuja kukuangalia. Siku moja halikurudi, na Mama Apolonia alikatiza maji ya mfereji na kumkuta Mama Kulwa anatetemeka kwa malaria, hawezi hata kuinua kichwa. Alimbeba mgongoni, na Mama Kulwa alikuwa mwanamke wa mwili hasa.

Nilikuwa nimeusikia wito ule tangu siku ya kwanza bila kuusikiliza. Asubuhi ile baada ya kuonywa sikutoa klarineti kwenye kitenge. Nilikaa tu dunguni nimejiinamia. Mama Apolonia akaita. Nilikuwa ninatazama mpunga wake, umejaa ndege hadi mashina yameinama, na nikaona jambo ambalo sijalisahau: ndege hawakuruka. Hakuruka hata mmoja. Sauti ilipita juu yao, ikavuka mfereji, na jibu likarudi.

Nikashuka dunguni, nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Remi. Leo kifilimbi chako kimekufa? Ndege watakula watoto wako."

"Mama, unafanyaje sauti ifike kule bila kupiga kelele?"

Akaniangalia kama ninayeuliza maji yanavyonywewa. "Nipige kelele ya nini? Kelele za ndege hizo. Mama Kulwa ni ndege?"

"Lakini ni mbali, mama."

"Mbali kwa miguu. Mimi naongea naye tu." Akaendelea kusuka kamba ya teo lake, kisha akanitupia macho. "Na wewe ukipuliza hicho kitu chako, unamwita nani?"

Nilisimama pale na matope miguuni nikijaribu kukumbuka kama niliwahi kumwita mtu yeyote. Nilikuwa nimefuata betri, nikafuata ndege. Mtu sikuwahi kumfikiria.

Kuanzia siku hiyo nilimsikiliza kwa namna ambayo mwanamume hapaswi kumsikiliza jirani yake mjane, na mke wangu alilisema hilo. Sauti ilianza chini, fupi, kama anayezungumza na mtu aliyekaa naye jikoni. Kisha ikapanda, na ilipokuwa inapanda haikukaza. Kabla ya sauti mabega yake yalikuwa yameshashuka na pumzi imeshaanza kutoka, ukimya unatembea kwanza na sauti inaukuta njiani. Na juu kabisa, pale mimi nilipokuwa nikibana kwa meno, yeye alitabasamu. Nililiona hilo kwa macho yangu. Pembe za mdomo zilikwenda pembeni kidogo, kidevu kikatulia.

Nikaigeuza kazi yangu juu chini. Zamani nilipuliza ili ndege waruke. Sasa nikawa napuliza ili wasiruke. Nilichagua kundi lililotua karibu na dungu langu, nikapiga noti mbili, ya chini na ya juu, kama wito ule. Wakiruka, nimekosea. Wakibaki wanakula, nimekaribia. Jaribuni kumweleza mke jambo hilo.

"Remi," aliniambia siku moja akiwa amesimama chini ya dungu, mikono kiunoni, "ndege wanakula mpunga wetu na wewe unawapigia muziki?"

"Wakila ndiyo vizuri."

Alikwenda zake. Aliporudi alikuwa na teo, akapanda kwenye kichuguu upande wa pili wa shamba, akawa anafukuza wale wa huko mwenyewe. Alinipa kona moja tu, iliyokuwa na mpunga dhaifu. Mwaka ule magunia yetu yalipungua, na hajawahi kunidai. Nikiwaambia kwamba nilisaidiwa na wanawake kupata sauti, msidhani ninazungumzia mmoja.

Ilichukua muda kabla wale ndege hawajanizoea, na mtu mwenye ubishi atasema ndiyo hivyo tu, walinizoea. Labda. Lakini meno yangu yaliacha kubana, mdomo wa chini ukawa mto wa kulalia na si ukuta, na nikaacha kuilazimisha noti ya juu. Niliiacha pumzi itangulie. Na kila nilipopuliza nilimweka mtu mwishoni mwa sauti: siku nyingine mke wangu pale kwenye kichuguu, siku nyingine marehemu mama yangu. Sauti inayokwenda kwa mtu inakuwa na adabu yenyewe.

Shukrani ya mavuno ikafika. Kanisa lilijaa, na mlangoni walipanga mstari wanawake wenye vikapu vya mpunga vichwani, wakisubiri kuingia wakati wa matoleo. Mama Apolonia alikuwa mbele. Nyuma yake, kwa mshangao wa wengi, alisimama Mama Kulwa na kibuyu cha maziwa. Hakuwa Mkatoliki, alikuja kwa sababu shoga yake alimwambia mpunga ule usingefika kanisani kama yeye angekufa kwa malaria kule dunguni, maana ndege wangeumaliza, hivyo wanatoa wote wawili. Hesabu za wanawake hao sikuwahi kuzielewa.

Mwalimu Damas alikuwa amepanga kwamba maandamano yaanze na klarineti ndogo peke yake. Alifanya hivyo kwa makusudi, ili ijulikane moja kwa moja. Alinitazama, akainua fimbo. Nilishusha mabega. Nikawaza mtu aliyeko mlangoni, mbali lakini mbali kwa miguu tu. Nikapiga zile noti mbili, ya chini, kisha ya juu, nikaiacha ya juu iende zake.

Na kutoka mlangoni, wazi kabisa, kwa mazoea ya misimu mingi, Mama Kulwa akajibu, "Nipooo."

Watu walicheka, hata padri aliinamisha uso. Mama Kulwa aliziba mdomo kwa kiganja, kibuyu kikayumba. Lakini Mama Apolonia hakucheka. Aligeuza shingo polepole chini ya kikapu chake, hakumtazama shoga yake, alinitazama mimi kule mbele. Kisha akatikisa kichwa kidogo, mara moja, kama mtu aliyeona kitu chake kwenye nyumba ya jirani na akaamua kukiacha hapo. Mwalimu akashusha fimbo, bendi nzima ikaingia, na wanawake wakaanza kutembea.

Tulipokuwa tunafuta vyombo baada ya Misa, nilisubiri Mwalimu aseme neno. Alizunguka, akakagua tarumbeta hii na ile, akafika kwangu. "Lile sanduku lina panya," akasema. "Usirudishe kitu mle." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake, na naifurahia hadi leo. Klarineti ililala nyumbani kwangu usiku ule na kila usiku uliofuata, mpaka meno yalipoondoka.

Basi, Esta, jibu langu. Hao wa kwenye simu wasikilize wote, wana mengi ya kukufundisha ya vidole na ya pumzi, mimi ningewasikiliza kutwa. Ila kagua betri. Kisha toka nje, kaa kimya, mtafute hapa Ifakara mtu ambaye sauti yake inafika bila kuumiza kitu njiani. Anaweza kuwa muuza samaki, anaweza kuwa shangazi yako. Mwangalie mabega. Usinifuate mimi, maana ukinisikiliza mimi humsikii Remi, unamsikia mjane wa Lipangalala aliyekuwa anamjulia hali mwenzake.

Mama Apolonia alishafariki, miaka mingi sasa. Mama Kulwa na wanawe walihama na ng'ombe wao kwenda kusini. Bendi imeendelea kuanza maandamano ya mavuno kwa zile noti mbili, na wengi wenu mnadhani ni utaratibu wa Kanisa.

Juzi nilipita pale Mlabani nikitoka sokoni. Dirisha la chumba cha mazoezi lilikuwa wazi, na Esta alikuwa ndani peke yake, hajui ninapita. Juu ya bati walikuwa wametua shomoro wengi. Akapiga noti ya chini, kisha ya juu, akaiacha iende. Nilitazama bati. Shomoro hawakuruka. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia na fungu langu la mchicha, pikipiki zinanipigia honi, na nikasikia mdomo wangu huu wenye pengo unajibu, "Nipo."